Sura ya Tano: Wapiga Kura Wasiotaka Kuhesabiwa na Kambi Yoyote

Hesabu inayovisumbua zaidi vyama viwili vikubwa vya Marekani, Democratic na Republican, si ile ya wafuasi wao bali ni ile ya watu wanaosema kwamba hawana chama. Kwa mujibu wa shirika la utafiti wa maoni la Gallup, mwaka 2023 asilimia 43 ya Wamarekani wazima walijitambulisha kuwa hawafungamani na chama chochote, ilhali waliojitaja kuwa wa Democratic walikuwa asilimia 27, na wa Republican asilimia 27 vilevile. Anayezitazama takwimu hizo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba jeshi kubwa la tatu limepiga kambi katikati ya uwanja likimsubiri jemadari wa kuliongoza, na wapo wanasiasa walioamini hivyo na kugharimia imani hiyo kwa fedha zao wenyewe. Tajiri Ross Perot aligombea urais mwaka 1992 bila chama, akapata karibu asilimia 19 ya kura zote zilizopigwa, lakini hakuambulia hata mjumbe mmoja wa uchaguzi, yaani wale wajumbe wa majimbo ambao kisheria ndio wanaomchagua rais. Jeshi la katikati halikuwepo wakati ule, na sura hii inajaribu kueleza kwa nini halipo hata sasa, na chama kinachotaka kura za watu hao kinapaswa kuwatafuta kwa njia gani.

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea chama chenye kadi, ada, matawi na mashina, anapaswa kwanza kuiweka kando picha hiyo. Nchini Marekani ufuasi wa chama hauna kadi wala ada. Katika majimbo mengi raia anapojiandikisha katika daftari la wapiga kura huulizwa chama anachokipendelea na anaweza kuliacha swali hilo wazi. Katika majimbo mengine, kama vile Texas, Georgia na Wisconsin, swali lenyewe halipo, na daftari halijui nani ni wa chama gani. Kwa hiyo kutofungamana ni kauli ambayo mtu anaitoa kuhusu nafsi yake anapoulizwa na mtafiti, na kauli ya namna hiyo hubeba mambo mengi zaidi ya msimamo wa kisiasa: hubeba haya, uchovu, kiburi, na wakati mwingine kutojali tu.

Wasomi walihitaji miongo kadhaa kulielewa jambo hili. Mwaka 1960 Angus Campbell, Philip Converse, Warren Miller na Donald Stokes wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha kitabu The American Voter, ambamo walidai kwamba ufuasi wa chama hurithiwa nyumbani, karibu sawa na dini, na kwamba mtu asiye na chama si yule raia makini anayesikiliza pande zote kabla ya kuamua, kama vitabu vya uraia vilivyopenda kumchora, bali aghalabu ni mtu asiyefuatilia siasa na asiyejua mengi kuzihusu. Mwaka 1992 Bruce Keith na wenzake watano walikwenda mbali zaidi katika kitabu The Myth of the Independent Voter. Waliwatenganisha wasiofungamana katika makundi kwa swali moja la nyongeza, yaani chama ambacho mtu anakielekea zaidi, wakagundua kwamba wengi wao hukitaja chama bila kusitasita na kwamba katika sanduku la kura hukiunga mkono karibu kwa uaminifu uleule wa wafuasi wa wazi. Hao tunaweza kuwaita waegemeaji. Kituo cha utafiti cha Pew kilitoa picha hiyohiyo mwaka 2019: kati ya asilimia 38 ya Wamarekani waliosema kwamba hawafungamani, asilimia 17 waliegemea Democratic, 13 waliegemea Republican, na ni 7 tu waliobaki bila kuegemea popote. Isitoshe, hao saba ndio wanaojitokeza kwa uchache zaidi siku ya kupiga kura.

Kwa nini basi mtu mwenye chama moyoni akikane mdomoni? Jibu linapatikana katika hali ambayo sura zilizotangulia ziliita mgawanyiko mkali, na hapa inafaa kutofautisha aina zake mbili. Ya kwanza ni mgawanyiko wa misimamo, pale vyama vinapotengana kuhusu kodi, uhamiaji, silaha au utoaji mimba. Ya pili ni uhasama wa kambi, pale watu wa chama kimoja wanapowachukia na kuwaogopa watu wa chama kingine kama watu, hata katika mambo ambayo hayahusiani na sera. Shanto Iyengar, Gaurav Sood na Yphtach Lelkes walionyesha mwaka 2012 jinsi aina hii ya pili ilivyokua. Mwaka 1960 ni takriban asilimia 5 tu ya Wamarekani, katika kila chama, waliosema kwamba wangechukizwa mtoto wao akioa au akiolewa na mtu wa chama kingine. Kufikia mwaka 2010 walikuwa karibu nusu ya wafuasi wa Republican na theluthi moja ya wafuasi wa Democratic. Chuki hiyo hunyweshwa pia na ujinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Douglas Ahler pamoja na Sood ulikuta kwamba Wamarekani, kwa wastani, walidhani asilimia 38 ya wafuasi wa Republican hupata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka, wakati ukweli ni kama asilimia 2. Watu hawawachukii majirani zao tu, bali wanachukia majirani ambao hawapo.

Ni katika mazingira hayo ambapo Samara Klar na Yanna Krupnikov, katika kitabu chao cha mwaka 2016, walifanya majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wanaokumbushwa ugomvi wa vyama huelekea zaidi kujiita wasiofungamana, na huwa wazito zaidi kukitangaza hadharani chama wanachokipenda, ingawa mapendeleo yao ya sera hayabadiliki. Wanaona aibu kuhesabiwa na watu wanaopiga kelele. Hili ndilo jambo la msingi katika sura hii, na hoja zote zinazofuata zinalitegemea: kwa sehemu kubwa, asiyefungamana ni mtu aliye ndani ya moja ya kambi, au kando yake kidogo, ambaye hataki kuonekana humo. Chama kinachotaka kura yake hakina budi kumpunguzia gharama ya kuonekana, na hicho ndicho ambacho vyama vilivyojengwa juu ya uhasama huona vigumu zaidi kukifanya.

Nadharia ya zamani ilidai kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Mwaka 1957 mwanauchumi Anthony Downs aliwapanga wapiga kura wote juu ya mstari mmoja kutoka kushoto hadi kulia, akahitimisha kwamba vyama viwili vinavyoshindana vitasogea kuelekea katikati, kama maduka mawili ya mtaa mmoja yanavyosogeleana ili kila moja lipate wateja wa pande zote. Kutokana na hoja hiyo ulizaliwa ushauri ambao bado husikika kila baada ya uchaguzi, kwamba chama kilichoshindwa kisogee katikati. Udhaifu wake ni kwamba wasiofungamana hawaishi katikati ya mstari. Mtu anayetaka wahamiaji wafukuzwe na papo hapo anataka matajiri watozwe kodi kubwa huhesabiwa na mtafiti kuwa mtu wa wastani, kwa sababu maoni yake mawili makali yakijumlishwa na kugawanywa hutoa namba ya katikati. Lakini mgombea anayempelekea sera vuguvugu katika yote mawili atakuwa amemuudhi mara mbili.

Matokeo ya uchaguzi wenyewe nayo yanakataa kuifuata nadharia. Kwa mujibu wa tafiti zinazofanywa milangoni mwa vituo vya kupigia kura, John Kerry aliwapata wasiofungamana kwa tofauti ndogo mwaka 2004 na akashindwa. Mitt Romney aliwapata kwa asilimia 50 dhidi ya 45 mwaka 2012 na akashindwa. Kamala Harris naye aliwapata kwa tofauti ya pointi chache mwaka 2024 na akashindwa. Maelezo yake si ya ajabu. Lebo ya chama inapochafuka, waegemeaji wa chama hicho huikimbia na kujiita wasiofungamana, lakini bado hukipigia kura kilekile, hivyo kundi zima la wasiofungamana huonekana kukielekea chama ambacho kwa kweli kimedhoofika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Republican wakati wa Romney. Kiongozi wa kampeni anayefurahia kuwapata wasiofungamana anapaswa kujiuliza kwanza kama hajawahesabu wafuasi wake mwenyewe waliomwonea haya.

Hata hivyo, haitakuwa busara kuhitimisha kwamba kundi hilo halina maana. Mwaka 2016 urais uliamuliwa kwa tofauti isiyofika kura 80,000 katika majimbo ya Michigan, Pennsylvania na Wisconsin yakijumlishwa, na mwaka 2020 kwa tofauti isiyofika 45,000 katika Arizona, Georgia na Wisconsin. Penye mizani nyepesi kiasi hicho, hata wale asilimia 7 wasioegemea popote, na wale waegemeaji wachache wanaoweza kuhama, ndio wanaoamua. Swali ni namna ya kuwafikia, na hapa habari kwa washauri wa kampeni si njema. Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 yaliyofanywa uwandani kuhusu ziara za nyumba kwa nyumba, simu, barua na matangazo, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba, katika uchaguzi mkuu wa kawaida wenye wagombea wa vyama, makadirio bora ya nguvu ya kazi hizo katika kumbadilisha mtu chaguo lake ni sifuri. Ni tokeo ambalo watu wanaolipwa kwa kazi hizo hawana sababu ya kulipenda. Mambo yalikuwa tofauti mahali pachache tu: pale mgombea aliposhikilia msimamo usiopendwa kupita kawaida, na kampeni ya mpinzani ikatumia nguvu nyingi kuwatambua watu wanaoweza kubadilika kutokana na msimamo huo, na pia pale lebo za vyama zilipokosekana, kama katika kura za mchujo na kura za maoni juu ya hoja maalumu. Majaribio hayo yanaelekeza macho yetu Kansas.

Kansas, Agosti 2022

Jimbo la Kansas, lililo katikati ya nchi, lilimpa Donald Trump ushindi wa karibu pointi 15 mwaka 2020, na wafuasi wa Republican walioandikishwa humo huwazidi wa Democratic kwa mbali sana. Takriban watatu katika kila kumi walioandikishwa hawana chama. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba katiba ya Kansas inalinda haki ya mwanamke kutoa mimba. Wabunge wa Republican wakapendekeza kifungu cha kuiondoa haki hiyo katika katiba, nao wakakipangia kupigiwa kura ya maoni tarehe 2 Agosti 2022, siku ya kura za mchujo, yaani kura ambazo kila chama huzitumia kuwateua wagombea wake. Kwa kawaida siku hiyo wasiofungamana hubaki nyumbani, kwa kuwa hawawezi kushiriki mchujo wa chama bila kukitangaza chama hicho, na wengi waliamini kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa kwa hesabu hiyo. Wiki chache kabla ya kura, tarehe 24 Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta uamuzi wake wa mwaka 1973 uliokuwa ukiilinda haki hiyo nchi nzima, na kura ya Kansas ikawa ya kwanza nchini kuhusu haki hiyo baada ya kufutwa huko.

Waliojitokeza walizidi 900,000, idadi ambayo jimbo halijawahi kuiona siku ya mchujo, na asilimia 59 walisema Hapana. Kura za Hapana zilipita 540,000, yaani zilikuwa nyingi kuliko wafuasi wote wa Democratic walioandikishwa jimboni. Kwa hiyo hata kama kila mmoja wao angeamka asubuhi hiyo na kwenda kituoni, bado wangehitaji wasiofungamana na wafuasi wa Republican ili kufika hapo. Wasiofungamana walikuja kwa maelfu, wakakabidhiwa karatasi yenye swali hilo, na hakuna aliyewauliza chama chao.

Namna kampeni ya Hapana ilivyoendeshwa inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko matokeo yake. Muungano wa Kansans for Constitutional Freedom haukuijenga hoja yake juu ya msamiati wa Democratic kuhusu haki ya mwanamke ya kujiamulia. Ulizungumzia uhuru wa raia dhidi ya amri za serikali, lugha ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya wahafidhina, na baadhi ya matangazo yake yalizitaja papo hapo amri za barakoa na kufungwa kwa makanisa wakati wa Uviko. Viongozi wa dini na madaktari waliwekwa mbele, wanasiasa wa Democratic wakakaa nyuma. Kambi ya Ndiyo, iliyofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Kanisa Katoliki, ilikuwa na fedha na mtandao wa parokia, lakini ilijikuta ikijibu shutuma kwamba ndiyo inayotaka serikali iingie vyumbani mwa watu. Mkulima wa magharibi mwa Kansas ambaye hajawahi kumpigia kura mtu wa Democratic aliweza kusema Hapana na kurudi nyumbani akiwa bado ni yuleyule, kwa sababu alichoombwa ni kura na si kiapo cha utii. Makosa mengi ya vyama katika kuwatafuta wasiofungamana huanzia hapo: huwataka watubu kwanza.

Katika makao makuu ya Democratic wapo waliolisoma tokeo hilo vibaya. Walidhani hoja ya utoaji mimba ni gari litakalowabeba wagombea wao popote. Novemba 2024 wapiga kura wa Missouri na Arizona waliipitisha haki ya utoaji mimba katika katiba za majimbo yao, na siku hiyohiyo, katika vituo vilevile, wakampa Trump ushindi katika majimbo yote mawili. Kumbe mpiga kura anaweza kuichukua hoja na kumwacha aliyeileta. Kwa mtu asiyetaka kuhesabiwa na kambi, kura ya maoni ni nafuu kubwa, kwani inampatia anachokitaka bila kumlazimisha kulichukua na jina la chama.

Hivyo chama kinahitaji kitu cha ziada ili hoja ivuke na mgombea, na Kansas hiyohiyo inakionyesha kupitia Laura Kelly. Alichaguliwa kuwa gavana kwa tiketi ya Democratic mwaka 2018, baada ya jimbo kupitia miaka migumu iliyotokana na mpango wa gavana Sam Brownback wa Republican wa kupunguza kodi kwa kiasi kikubwa mwaka 2012, mpango ulioacha pengo katika bajeti na kuzibana shule, hata wabunge wa chama chake mwenyewe wakaungana na wapinzani kuufuta mwaka 2017 licha ya kura yake ya turufu. Kelly alizungumzia shule kila mahali. Baada ya kuingia madarakani aliendelea na mambo ya namna hiyohiyo, likiwemo la kuondoa hatua kwa hatua kodi ya mauzo ya jimbo kwenye vyakula, kodi ambayo mama wa nyumbani aliiona kwenye risiti yake kila alipotoka dukani. Alipogombea tena mwaka 2022, tangazo lake moja lilimwonyesha amesimama katikati ya barabara, akijisifu kwamba hapo ndipo wanapoishi watu wengi wa Kansas. Alishinda kwa tofauti ya pointi mbili hivi, siku ambayo wapiga kura haohao walimrudisha Jerry Moran wa Republican katika Seneti kwa takriban asilimia 60.

Tofauti kati ya katikati ya Kelly na katikati ya Downs inafaa isisitizwe, maana ushauri wa kusogea katikati huharibika hapo. Kelly hakuchukua nusu ya sera za kila upande. Alichagua mambo mawili au matatu ambayo uhasama wa kambi haukuwa umeyameza, yaani shule, barabara na bei ya chakula, akayafanya kwa vitendo kabla ya kuyasema kwenye kampeni, na katika mengine yote alijitahidi asiwe habari. Chama cha kitaifa hakiwezi kuinakili njia hiyo kwa urahisi, kwa kuwa hotuba za viongozi wake hurushwa nchi nzima kila jioni na kumfikia mpiga kura wa Kansas kupitia midomo ya wapinzani. Yumkini ndiyo sababu waliofanikiwa zaidi kuwapata watu wa upande wa pili ni magavana: Phil Scott wa Republican ameliongoza jimbo la Vermont, ambalo kwenye urais ni ngome ya Democratic, tangu uchaguzi wa mwaka 2016, akichaguliwa tena kila baada ya miaka miwili.

Mlango wa kura za mchujo

Ushindi wa Kelly wa mwaka 2018 ulikuwa na sababu nyingine isiyotajwa sana. Katika mchujo wa Republican wa mwaka huo gavana aliyekuwa madarakani, Jeff Colyer, alishindwa na Kris Kobach, mwanasiasa mkali wa masuala ya uhamiaji, kwa tofauti ya kura 343 kati ya zaidi ya 300,000. Kobach akashindwa Novemba. Wakereketwa, yaani wale wafuasi ambao siasa ya chama ndiyo pumzi yao, walikuwa wamekwisha kuamua mwezi Agosti nani ataletwa mbele ya wasiofungamana, na hakuna tangazo wala ziara ya nyumba kwa nyumba ambayo ingeweza kuurekebisha uamuzi huo baadaye.

Massachusetts ilitoa somo hilohilo kwa ukali zaidi. Zaidi ya nusu ya walioandikishwa katika jimbo hilo hawana chama, na ingawa jimbo humpa mgombea urais wa Democratic ushindi mkubwa kila mara, Charlie Baker wa Republican alichaguliwa gavana mwaka 2014 na kurudishwa mwaka 2018 kwa takriban theluthi mbili ya kura. Aliamua kutogombea tena mwaka 2022. Chama chake kikamteua Geoff Diehl, aliyeungwa mkono na Trump, na Diehl akapata kama theluthi moja ya kura dhidi ya Maura Healey. Lipo jambo moja hapa linalowasumbua wanaoamini kwamba dawa ni kuufungua mchujo tu: sheria ya Massachusetts inawaruhusu wasiofungamana kushiriki mchujo wa chama wanachokitaka. Mlango ulikuwa wazi, lakini wengi hawakuingia. Mtu anayeona haya kuhesabiwa na chama mwezi Novemba ataona haya zaidi kuomba karatasi ya chama hicho mwezi Septemba, mbele ya jirani yake anayesimamia kituo.

Njia nyingine ni chama kujiondoa uwanjani. Mwaka 2024 huko Nebraska, Democratic haikusimamisha mtu wa kushindana na seneta Deb Fischer wa Republican, na nafasi ikabaki kwa Dan Osborn, fundi mitambo aliyepata kuongoza mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha Kellogg's cha Omaha mwaka 2021, ambaye aligombea bila chama na kukataa kupigiwa debe na chama chochote. Alipata takriban asilimia 46 katika jimbo ambalo Harris alishindwa kwa pointi 20. Hakushinda, na wapo wanaoitazama njia hiyo kama ujanja wa chama kuvaa nguo ya kuazima. Lakini hakuna mgombea wa Democratic aliyekaribia matokeo hayo katika kura za jimbo zima katika miaka ya karibuni. Tanzania, ambako sheria humtaka kila mgombea adhaminiwe na chama licha ya hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ya mwaka 2013 kupinga sharti hilo, isingempa Osborn hata fomu. Kenya ingempa: katiba yake ya mwaka 2010 inamruhusu mgombea huru, na mwaka 2017 kaunti za Laikipia na Isiolo zilichagua magavana wasio na chama, ambao wote wawili walishindana na vyama vilivyokuwa na fedha na majina makubwa kuliko wao.

Jaribio kubwa zaidi la kuubadilisha mlango wenyewe lilifanyika Alaska, ambako zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawamo katika chama chochote kati ya viwili vikubwa. Mwaka 2020 wapiga kura walipitisha utaratibu mpya: wagombea wa vyama vyote hushiriki mchujo mmoja ulio wazi kwa kila raia, wanne wa juu huingia raundi ya mwisho, na huko mpiga kura huwapanga kwa mapendeleo, wa kwanza hadi wa nne, ili mgombea wa mwisho akiondolewa kura zake zihamie kwa chaguo linalofuata. Mwaka 2022 seneta Lisa Murkowski, aliyempigia Trump kura ya hatia katika Seneti na ambaye mwaka 2010 aliwahi kuangushwa katika mchujo wa Republican akaokolewa na wapiga kura walioliandika jina lake kwa mkono, alirudi Seneti kwa utaratibu huu, kwa sababu wapiga kura wa Democratic waliomweka pili walimfaa kuliko wakereketwa wa chama chake waliomkataa. Mwaka huohuo Mary Peltola wa Democratic alimshinda Sarah Palin katika kiti cha Bunge la Wawakilishi, ingawa alikipoteza mwaka 2024. Katika mfumo huo lugha ya uhasama ina gharama inayohesabika, kwani mgombea anayewatukana wafuasi wa mwenzake hujinyima nafasi ya pili katika karatasi zao.

Mageuzi hayo yamesimama kwa shida. Novemba 2024 Alaska ilikaribia kuyafuta, na yakanusurika kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Siku hiyohiyo mapendekezo ya kufungua mchujo au kuleta kura za mapendeleo yalikataliwa Idaho, Colorado, Oregon, Arizona, Montana na South Dakota. Nevada ndiyo inayostahili kutazamwa zaidi. Huko wasio na chama ndio kundi kubwa kuliko yote katika daftari, na mwaka 2022 walikuwa sehemu ya wengi walioliunga mkono pendekezo la namna hiyo kwa karibu asilimia 53. Lakini katiba ya jimbo hilo hudai pendekezo la kuirekebisha lipite mara mbili, na liliporudishwa mwaka 2024 lilipata asilimia 47 tu. Viongozi wa Democratic na wa Republican walilipinga kwa pamoja.